Kahawa na Mbege kwa Misimu: Mwongozo Kamili wa Kupanda Vihambani Ukitokea Moshi

Mgeni akiniambia anakuja Moshi na anataka kuona mashamba ya kahawa, kabla sijamuuliza atafikia wapi wala ana siku ngapi, namuuliza anakuja mwezi gani. Kahawa ya Kilimanjaro ina kalenda yake na haimsubiri mtu. Ukipanda Uru mwezi wa tisa utakuta matunda mekundu yamejaa vikapuni na vichanja vimetandazwa kahawa hadi uwani. Ukipanda mwezi wa nne, kihamba hichohicho, yaani shamba hilo la nyumbani, kimelowa, matunda ni ya kijani, na kahawa utakayotwangiwa ni ya mwaka uliopita iliyotolewa kwenye gunia. Zote mbili ni safari nzuri, ila si safari moja, na mwenye kujua anakokwenda hafadhaiki.

Nimeandika haya kwa ajili ya Watanzania wenzangu kuliko wageni wa kutoka nje. Wageni wana kampuni za kuwapeleka. Sisi tunapita Moshi kila mwaka, tunakwenda harusini, msibani au Krismasi, tunakunywa chai ya maziwa nyumba kwa nyumba, tunaondoka bila kuonja kahawa iliyolimwa mita hamsini kutoka tulipokaa.

Kihamba ni nini hasa

Usitegemee kuona shamba kubwa lenye mistari iliyonyooka. Mashamba makubwa yapo, hasa chini kuelekea Arusha, lakini moyo wa kahawa ya Kilimanjaro uko kwenye vihamba: vipande vya familia, vingi havifiki hekta moja, vinavyozunguka nyumba. Juu kabisa kuna miti mirefu kama mringaringa na mgrevilea, inayozuia jua kali. Chini yake migomba. Chini ya migomba mibuni, yaani miti ya kahawa. Chini ya mibuni magimbi, maharage, na majani ya ng'ombe anayefugwa zizini, ambaye mbolea yake ndiyo inayolisha vyote hivyo. Katikati unapita mfongo, mfereji uliochimbwa na mababu kuteremsha maji ya mlimani, na kila nyumba ina zamu yake. Mfumo wa vihamba vya Shimbwe Juu, upande wa Uru, umetambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuwa urithi wa kilimo wa dunia.

Kihamba pia ndipo walipozikwa wazee wa ukoo. Ukiona makaburi kati ya migomba, pita kwa heshima, usiweke mkoba juu yake wala usipige picha. Na ule mmea wenye majani marefu mpakani, isale, usiukate. Ndio alama ya mpaka, na ndio Mchaga anaoubeba mkononi akienda kuomba msamaha. Kuuvunja kwa kuchezea ni kumkosea mwenyeji kabla hamjasalimiana vizuri.

Kahawa yenyewe ililetwa na wamisionari miaka ya 1890, na misheni ya Kilema ni miongoni mwa mahali ilipopandwa mwanzo. Wenyeji hawakukaa pembeni muda mrefu. Mwaka 1925 wakulima walikuwa tayari na chama chao, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ambao jengo lake bado liko katikati ya mji. Shule nyingi ambazo wazee wetu walisoma zilijengwa kwa pesa za kahawa. Mzee wa miaka themanini akikwambia "kahawa imenisomesha," anamaanisha hivyo hasa.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi

*Julai hadi Oktoba.* Huu ndio msimu wa mavuno, na kama una nafasi ya safari moja tu, njoo sasa. Mavuno huanzia maeneo ya chini kwa sababu kuna joto, kisha hupanda taratibu na mlima. Julai bado ni kipupwe: asubuhi baridi kali, mawingu yamekaa juu ya mlima siku nzima, na Kibo unaweza usiuone kwa wiki. Septemba na Oktoba hali inafunguka, jua linapatikana la kuanikia, na kila nyumba ina kazi. Mbuni hauivishi matunda yote kwa mara moja, hivyo mkulima hurudi kwenye mti uleule kila baada ya wiki moja hadi mbili na kuchuma yaliyoiva tu. Ukipenda kushika kikapu, hakuna atakayekukataza, ila chuma nyekundu peke yake. Tunda la kijani likiingia linaharibu kikombe cha mwenzio.

*Novemba na Desemba.* Vuli. Huku juu mavuno yanamalizikia, huku chini mvua za kwanza zinaamsha maua. Mbuni uliokaa na kiu ukipata mvua ya kutosha, baada ya siku kama nane hadi kumi unachanua kwa pamoja, matawi yanakuwa meupe, na harufu yake iko karibu sana na asumini. Maua hayo yanadumu siku chache tu. Huwezi kuyapangia tarehe. Inabidi uwe na mwenyeji wa kukupigia simu. Nimeyakuta mara tatu katika maisha yangu yakiwa yamefunguka kabisa, na mara moja kati ya hizo nilikuwa nimekwenda msibani. Kuna miti utakayokuta ina ua na tunda bivu kwenye tawi moja, jambo ambalo watoto hulipenda sana kuonyeshwa.

Desemba ina jambo lake jingine: Wachaga wanarudi nyumbani. Kuanzia kama tarehe 18 magari yanajaa, nauli za bodaboda zinapanda, na kila kihamba kina wageni wake wa damu. Mbege, pombe yetu ya ndizi, inapikwa kila kona. Ukiwa na mwenyeji wa kweli, hakuna wakati mzuri zaidi wa kukaa na watu. Kama huna, usiende kuingilia mikusanyiko ya familia ukitaka kuonyeshwa mashine ya kumenyea.

*Januari na Februari.* Kiangazi. Joto mjini, vumbi njiani, lakini mlima uko wazi alfajiri na jioni kuliko wakati mwingi wa mwaka. Mavuno yamekwisha, na mkulima anapogoa matawi na kusafisha mashina. Kwa mtu anayetaka kujua kilimo chenyewe, huu ni wakati mzuri, kwa sababu mwenyeji ana muda wa kuzungumza. Kahawa mpya nayo imeshatulia na kukobolewa. Mimi hununua kahawa yangu ya mwaka kipindi hiki.

*Machi hadi Mei.* Masika. Nisikufiche, huu ni msimu mgumu. Udongo wa Kilimanjaro ni wa volkano, mwekundu, mzuri kwa kahawa na mbaya kwa matairi. Aprili moja nililazimika kuacha gari juu ya kilima na kushuka kwa miguu, na lilitolewa siku ya pili kwa nguvu za vijana kumi na kamba. Lakini maporomoko ya maji yana nguvu, mifongo imejaa, watu wanapanda miche, na mgeni hayupo, kwa hiyo utapokelewa kwa utulivu. Ukija masika, baki kwenye barabara za lami, hasa upande wa Marangu, na uache vichochoro vya juu.

Juni ni mwezi wa katikati: mvua imeisha, mavuno hayajaanza sawasawa, baridi inaingia. Kwa mbege ni sawa. Kwa kahawa ningengoja.

Hatua ya pili: chagua upande wa mlima

Usijaribu kuzunguka pande zote siku moja. Barabara za vihambani zinapanda na kushuka kama vidole. Ili kutoka kata moja kwenda ya jirani mara nyingi unashuka hadi barabara kuu, halafu unapanda upya.

*Uru na Materuni* ni karibu zaidi na mji, mwendo wa chini ya saa moja. Materuni ndiko wanakopelekwa wageni wengi kwa sababu kijiji kina maporomoko marefu na kipo karibu na mpaka wa hifadhi. Ni pazuri kweli, lakini msimu wa wageni panajaa. Ukienda huko fika saa mbili asubuhi, anza na maporomoko, kahawa ifuate. Au teremka kidogo tu, Uru yenyewe, kuna utulivu.

*Marangu, Mamba na Kilema* ziko mashariki. Unachukua gari la Himo kisha unapanda hadi Marangu Mtoni, au unapata linalokwenda moja kwa moja. Lami inafika, chakula kipo, maporomoko ya Kinukamori yako karibu na Mtoni. Mwenye wazazi wazee au watoto wadogo namshauri huku.

*Machame, Lyamungo na Kibosho* ziko magharibi, na kwa anayetokea Arusha ni rahisi zaidi kwa sababu anakatia Kwa Sadala bila kufika Moshi mjini. Lyamungo ndipo ilipo Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoanza mwaka 2001 kwenye kituo cha utafiti cha tangu enzi za mkoloni. Kazi yao kubwa imekuwa kuzalisha mibuni inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, magonjwa mawili ambayo yaliwafanya wakulima wengi kung'oa kahawa na kupanda nyanya. Mwanafunzi wa kilimo asipite Machame bila kuomba ruhusa ya kuingia pale, tena aombe kwa barua mapema.

Hatua ya tatu: tafuta mwenyeji, mpatane kabla

Njia tatu zinafaa. Ya kwanza, ndugu au rafiki mwenye kwao. Ya pili, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima katika kata, AMCOS, ambako katibu anawajua wakulima wote na atakuonyesha anayependa kupokea watu. Ya tatu, waongozaji wa kijijini, ambao wengi wamejipanga kwa vikundi na sehemu ya pesa inakwenda kwenye mfuko wa kijiji. Ninachokataa ni kumfuata kijana wa kwanza anayekushika mkono stendi. Si kwamba ni mbaya. Ni kwamba katikati yake na mkulima kuna watu wawili au watatu wengine, na mwenye kahawa anaambulia kidogo.

Mkipatana, taja mambo haya kwa sauti: watu wangapi, chakula kipo au hakipo, kahawa ya kubeba inahesabiwa humo au pembeni, na pesa anapewa nani. Mimi humwambia mwongozaji waziwazi kwamba yeye nitamlipa yake na mama mwenye nyumba nitampa yake mkononi. Hakuna aliyewahi kununa.

Ukifika, salamu kwanza. Shikamoo kwa wazee wote, hata kama unaona haraka. Kaa unapoonyeshwa. Ukitaka kushukuru kwa lugha yao, mwambie baba "aika mbe" na mama "aika mae." Utaona uso unavyobadilika.

Vya kubeba

Sweta hata kama Moshi mjini unatoka jasho, maana huku juu ni baridi. Viatu vyenye meno. Msimu wa mvua, mabuti ya mpira. Fedha taslimu za noti ndogo. Maji. Sukari kilo moja, majani ya chai na mkate kwa mama wa nyumba, kama ambavyo ungekwenda kwa shangazi yako. Basi.

Hatua ya nne: kulifuata tunda hadi kikombeni

Hapa ndipo watu wengi hukimbizwa, nami nakuomba usikubali. Omba uonyeshwe kila hatua, hata inayochosha.

Anza mtini. Vuna tunda moja bivu, limenye kwa vidole, weka mdomoni. Ganda lake ni tamu kidogo, na ndani kuna punje mbili zimetazamana tumbo kwa tumbo, zimefunikwa na ute unaoteleza. Mara chache utakuta punje moja ya duara. Hiyo huchambuliwa na kuuzwa kwa daraja lake, PB.

Kisha ndoo. Matunda yaliyochumwa hutiwa majini, na yanayoelea huondolewa kwa sababu ni mepesi, mara nyingi yameliwa na wadudu. Ukiona nyumba inafanya hivi, ujue umefika kwa mkulima makini.

Inafuata mashine ya kumenyea, ile ya mkono yenye gurudumu. Zungusha wewe. Ganda jekundu linatoka upande mmoja, punje zenye ute upande wa pili, na unatakiwa kuzungusha kwa mwendo uleule bila kuchoka. Siku hizi vikundi vingi vina kituo cha pamoja cha kumenyea, ambacho wenyewe wanakiita CPU, na kahawa yake huwa na ubora unaolingana kuliko ya nyumba moja moja. Ukipata nafasi ya kuona vyote viwili, ona.

Punje hizo huachwa zichachuke, siku moja hadi mbili kutegemea baridi. Muulize mama anajuaje kwamba tayari. Aliyenifundisha mimi hakusema neno. Alinishika mkono akauzamisha ndani ya pipa. "Sugua." Nikasugua, zikateleza kama sabuni. Akafunika. Kesho yake asubuhi akaniita tena, nikasugua, na safari hii zilikwaruzana viganjani kama changarawe ya mtoni. Akatikisa kichwa kukubali, akaanza kumwaga maji ya kuoshea. Saa yake ilikuwa kwenye kiganja, na kikombe cha nyumba ile hakijawahi kuniangusha.

Baada ya kuoshwa, kahawa hupanda kichanjani. Siku za mwanzo hugeuzwa mara kwa mara na hufunikwa jua likiwa kali sana la mchana, ili ganda lisipasuke. Usiku hufunikwa kuzuia umande. Wiki moja na nusu hadi mbili ikiwa jua lipo. Weka sikio karibu wakati mtu anageuza: kahawa mbichi haitoi sauti, iliyokauka inalia kama kokoto nyepesi. Kipimo cha mwisho ni meno. Punje ikibonyea, bado. Ikikataa meno, tayari.

Kahawa hiyo ya maganda ndiyo inayokwenda chama cha msingi, halafu kwenye kiwanda cha kukoboa mjini Moshi, inapangwa madaraja (AA, A, B na kuendelea, kwa ukubwa wa punje), kisha mnadani. Makao makuu ya Bodi ya Kahawa yako hapahapa Moshi. Kumbuka hesabu hii ukianza kulalamikia bei: kilo moja ya kahawa safi inahitaji kama kilo sita za matunda yaliyochumwa moja moja, na ukiikaanga inapungua tena, karibu sehemu moja ya sita.

Ya kunywa nyumbani hutwangwa kinuni kutoa ganda, hupepetwa kwenye ungo, huingia chunguni juu ya mafiga. Mwiko hautulii. Punje zinatoka kijani, zinakuwa njano kama nyasi kavu na kunukia mkate, zinaingia hudhurungi, kisha zinaanza kupasuka kwa sauti ya bisi. Wenyeji wengi wanaopokea wageni hukaanga hadi nyeusi tii kwa kudhani ndivyo mgeni anavyopenda. Omba kwa adabu: "Mama, mlio ukishatulia kidogo tuitoe." Ikizidi pale unakunywa moshi, na utamu wote wa mlima umeungua. Ikitolewa motoni ipepetwe hapohapo ipoe.

Hatua ya tano: kuonja

Wengi wetu tulijua kahawa kwa vikombe vidogo vya barazani, chungu, na kashata mkononi. Hiyo ni raha yake na siiachi. Lakini kuijua ya kihamba fulani kunahitaji namna nyingine, na vifaa viko kila jiko.

Tafuta vikombe vitatu vinavyofanana. Saga kahawa kiasi cha chembe za chumvi ya mawe iliyopondwa, weka vijiko vikubwa viwili vya bapa katika kila kikombe cha mililita 200. Maji yakichemka, epua, hesabu nusu dakika, mimina hadi juu. Usikoroge. Subiri dakika nne. Utando utakuwa umeinuka. Uvunje kwa mgongo wa kijiko huku pua yako ikiwa karibu, maana harufu bora hutoka dakika hiyo moja. Ondoa povu, acha ipoe hadi unaweza kuinywa bila kuogopa, chota kwa kijiko na fyonza kwa nguvu, kwa sauti. Najua tulifundishwa kutofanya hivyo mezani. Hapa inaruhusiwa, kwa sababu hewa ndiyo inayosambaza ladha mdomoni.

Tafuta mambo matatu. Uchachu: je, ni ule mzuri kama wa chungwa au limau, au ni ule wa kitu kilichoharibika? Uzito: inapita kama maji au inakaa kama mchuzi? Na kinachobaki baada ya kumeza. Ukiweza, pata kahawa ya nyumba ya chini, ya katikati na ya juu, zionje pamoja. Kule juu baridi huchelewesha tunda kuiva, punje inakuwa ngumu na kahawa inakuwa na uchachu ulio hai zaidi. Ya chini ni laini, ya kutuliza. Sukari ije mwisho.

Halafu irudie kikombe kilekile kikiwa kimepoa kabisa. Kahawa mbaya hujificha ikiwa moto, na ikipoa inajitaja.

Hatua ya sita: mbege

Kahawa ilikuja. Mbege tulikuwa nayo. Inatokana na ndizi mbivu zilizochemshwa muda mrefu na kuachwa siku kadhaa zichachuke, zikachujwa, kisha ukaongezwa uji wa ulezi uliooteshwa, kukaushwa na kusagwa. Uchungu unatoka kwenye gome la msesewa. Kipimo cha gome ni siri ya mpishi, na akina mama wawili wa kitongoji kimoja hawatoi mbege moja.

Nayo ina siku zake. Siku ya kwanza ni tamu, nzito, kama uji wenye uchachu kidogo. Siku ya pili utamu umepungua, uchungu na kilevi vimepanda, na wazee wanaikubali. Baada ya hapo wengi huiacha. Kwa hiyo ukitaka kuelewa tofauti, lala kijijini usiku mmoja uionje asubuhi mbili. Muulize mama ameipika lini kabla hujauliza bei.

Hunywewa kwa kata, kibuyu chenye mpini. Anayekuletea huonja kwanza mbele yako, ndiyo desturi, na inakuonyesha kwamba hakuna ubaya ndani. Pokea kwa mkono wa kulia, kunywa, mpitishie aliye pembeni. Kama hunywi pombe, gusa kata kwa mkono, shukuru, pitisha, hakuna atakayekulazimisha. Mwenye tumbo jepesi aanze na kidogo, baada ya kula. Kiburu (ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja) au mtori wa ndizi mshare ni msingi mzuri. Na dereva asinywe kabisa. Barabara za kushuka kutoka vihambani ni za kona na korongo, gizani zaidi.

Hatua ya saba: kununua na kutunza

Nunua nyumbani ulikoonja. Uliza mambo mawili: imevunwa mwezi gani, na imekaangwa lini. Muuzaji asiyejua la kwanza unaweza kumvumilia. Asiyejua la pili mwache. Niliwahi kununua mfuko mzuri wenye picha ya mlima kwenye duka moja la watalii, nikaupeleka zawadi Dar es Salaam, na ulipofunguliwa haukunukia chochote. Nilijisikia vibaya kwa ajili ya mkulima ambaye sikumjua.

Chukua punje nzima, usisagiwe. Robo kilo mara nyingi ni bora kuliko kilo mbili mara moja. Iliyokaangwa leo iache siku mbili tatu kabla ya kuinywa, ipumue. Itunze kwenye chombo kinachoziba, kabatini, mbali na jua na mbali na viungo, maana kahawa huvuta harufu ya kila jirani. Friji ya nyumbani yenye samaki na vitunguu si mahali pake. Ndani ya mwezi mmoja iwe imekwisha.

Kama unakaa mbali na unataka ya mwaka mzima, nunua ambayo haijakaangwa, iliyokauka vizuri, uwe unakaanga mwenyewe kila wiki kwa sufuria. Hiyo inatunzika miezi mingi kwenye mfuko safi pasipo unyevu. Andika juu yake jina la kijiji na mwezi wa mavuno.

Kabla ya kushuka, mwachie mama namba yako ya simu na mwombe ya kwake. Mwambie akuite mvua za vuli zikianza. Akikupigia mwezi wa kumi na moja na kusema mibuni imefanya vichwa vyeupe vidogo, una siku kama tatu za kupanga. Chukua basi la kwanza la asubuhi.